Baba Alivyoisoma Pistoni

Mzee jirani yetu kule Duluth, Minnesota, alituuzia pikipiki yake ya theluji kwa bei ya kutupa. Kisa chake alikifupisha: mjukuu aliondoka nayo asubuhi, akarudi kwa miguu. Ilikuwa ya kizamani kidogo, injini ya cc 600, silinda mbili, ya kupozwa kwa maji na ya kuchanganya oili kwenye petroli. Mume wangu alisema tuiuze chuma chakavu. Mimi nilishainusa ile harufu ya oili kwenye ekzosi, nikajua tunabaki nayo.

Nimekulia Tanga. Baba yangu ni fundi wa mashine za boti pale Deep Sea, na utotoni kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi na kuosha ringi, zile pete za pistoni, kwa petroli ndani ya kopo la Blue Band. Mashine zake nazo zilikuwa za kuchanganya oili: hazina valvu, hazina vikorombwezo vingi, pistoni inapanda na kushuka ikifungua na kuziba madirisha ya silinda. Na hiyo ya jirani ni hivyo hivyo, ila imevalishwa ski mbele na mkanda nyuma.

Kamba ilivutika, lakini kwa ulaini usiopendeza. Nikaazima kipimo cha mgandamizo. Silinda ya kushoto ilisoma psi 115, ya kulia haikufika 70. Basi tukaisukuma gerejini, nikawasha hita, nikaanza kufungua. Ekzosi, kabureta, maji, silinda hedi. Huko hakuna la kusimulia, ni spana na subira. Nilipoinua silinda ya kulia pistoni ikabaki wazi, na ubavuni mwake kulikuwa na mikwaruzo ya wima, imekaa pembe nne kuizunguka.

Ilikuwa saa 3 usiku. Tanga saa 12 asubuhi, baba keshaswali na yuko na chai yake. Nikampigia kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona umevaa koti ndani ya nyumba?"

Nikamweleza, nikamsogezea pistoni kwenye kamera. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Igeuze. Upande wa ekzosi ni upi?"

Nikamwonyesha mshale uliochongwa juu ya pistoni.

"Ingekosa oili ingechubuka huku upande wa ekzosi zaidi. Ingechemka, ringi zingeganda na hapa juu pangeungua. Hii imebanwa pembe zote nne. Imekimbizwa kabla haijapata moto."

Baba hajawahi kuona theluji. Lakini aliwajua manahodha wa namna hiyo, anavuta kamba na hapo hapo anafungua moto mpaka mwisho. Pistoni ni ya alumini, ndiyo inayopata moto kwanza, ikatanuka. Silinda imezungukwa na maji ya baridi, bado imesinyaa. Nafasi kati yao ni ndogo kuliko unene wa kucha. Tanga bahari ina joto mwaka mzima, kwa hiyo wengi huponea chupuchupu. Duluth, ambako nyuzi 25 chini ya sifuri asubuhi ya Januari si habari, haponi mtu. Na maji ya injini hizi hupozwa kwa theluji yenyewe, ile inayorushwa na mkanda chini ya kiti.

Mahali ambapo baba hakuwa mwalimu ni kwenye silinda. Mashine zake zina slivu za chuma, yaani bomba lililovishwa ndani ya silinda: ikichubuka unapeleka kwa mtu mwenye leth, anaichonga, unafunga pistoni ya saizi inayofuata. Hii ilipakwa ndani utando mwembamba wa nikeli na silikoni kabaidi, mgumu mno, hauchongwi hivyo. Kilichoonekana kama majeraha ni alumini ya pistoni iliyogandia juu ya utando, na dawa yake ni asidi ile ya kusafishia zege.

"Asidi? Ndani ya silinda?" baba aliguna.

Nilifungua mlango wa gereji, baridi ikaingia yote, nikavaa glavu na kupaka tone tone kwa pamba ya masikio. Alumini ikachemka povu la kijivu. Hapo ndipo pa kukodoa macho: povu likikoma, alumini imekwisha na utando upo salama. Lisipokoma, utando umetoboka na asidi inaila silinda yenyewe. Lilikoma. Nikaosha kwa maji mengi, nikafuta, nikapitisha ukucha: laini. Baba, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Haya, leo nimesoma."

Pistoni mpya na ringi zake zilipofika, mwanangu akashika tochi. Nilitumbukiza kila ringi peke yake ndani ya silinda na kupima mwanya wa ncha zake, 0.4 mm, sawa na kitabu kilivyotaka. Kisha saklipu, vile vibanio vya waya vinavyozuia pini ya pistoni isichomoke.

"Tia kitambaa mdomoni mwa krenki kwanza!" sauti ikatoka kwenye simu. "Ikiruka ikaingia humo utaomboleza."

"Babu anaona mpaka huku?" mwanangu akauliza.

Mwanya wa saklipu unaelekezwa juu au chini, kamwe si ubavuni. Ncha za ringi zinakaa kwenye vijipini vyake, zisije zikanasa dirisha. Mshale unaelekea ekzosi. Hedi nikaikaza kwa toki renchi, spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kitabu na kwa awamu.

Tenki la kwanza nililiongezea oili. Ilipowaka, gereji ilijaa moshi wa buluu wa Deep Sea, na mwanangu akaruka ruka. Nikaiacha ipate moto taratibu, nikazima, ikapoa kabisa, nikawasha tena. Psi 125 kushoto, 125 kulia. Mjukuu wa jirani alikuja kuomba aijaribu. Nikamwambia atakaa juu yake akisubiri mpaka mimi niseme.

Baba aliuliza fundi wa dukani angetudai kiasi gani. Nilipomtajia, na akaigeuza kwa shilingi, akaniuliza kama huko hawatafuti fundi wa boti.