Alama tatu kwenye fomu

Leo mama mmoja ameniuliza, "Sista, kwa nini mwanangu amepata alama tatu tu?" Alikuwa ameiona fomu, akaisoma kama matokeo ya mtihani. Mtoto alizaliwa amechoka kwa kukosa hewa, hakulia.

Nikamwambia alama zile zilibuniwa mwaka 1952 na daktari Mmarekani, Virginia Apgar, ili mtoto atazamwe haraka anapotoka tumboni: moyo, pumzi, rangi, ukakamavu wa misuli, anavyoitikia akiguswa. Hazikubuniwa kutabiri maisha. Alama ya dakika ya kwanza karibu haisemi kitu kuhusu kesho. Ya tano inasema kidogo zaidi. Zikibaki chini hadi dakika ya 10, hapo hata mimi roho hunidunda.

Sikumwambia yote, na sijui kama ningepaswa. Katika kazi hii ninachokiogopa kuliko kutolia ni utulivu unaofuata. Mtoto amesaidiwa kupumua, moyo umeamka, rangi imerudi, ndugu wanamshukuru Mungu. Kumbe ubongo uliokosa hewa umepata nafuu ya muda tu. Saa kadhaa baadaye nguvu za seli huporomoka mara ya pili, na degedege huanzia hapo. Tena degedege la kichanga ni jizi: anatafunatafuna mdomo mtupu, macho yanaganda upande mmoja, pumzi inakatika kidogo. Asiyejua atasema anaota.

Ndiyo maana tunahesabu saa 6 tangu azaliwe. Ndani ya muda huo, mtoto aliyeathirika kiasi cha kati au zaidi anaweza kupozwa mwili hadi nyuzijoto 33 au 34 kwa saa 72, kisha akapashwa joto taratibu. Bibi mmoja aliwahi kunigombeza kwa hilo, na kwa macho ya bibi alikuwa na haki. Lakini tafiti kubwa tangu 2005 zinaonyesha kwamba katika kila watoto 7 hivi wanaopozwa, mmoja anaokolewa na kifo au ulemavu mkubwa. Mmoja kati ya saba! Wengine wangepona bila baridi, na wengine baridi haiwasaidii.

Wala si dawa ya kubebwa kokote. Utafiti uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, ukatolewa 2021, ulikuta kupoza hakukusaidia, na waliopozwa walifariki wengi zaidi. Mimi huwa nawakumbusha hilo wenzangu wanaodhani kinachotukwamisha ni kukosa mashine za kupoza tu.

Na baadaye? Walioathirika kidogo wengi hukua vizuri. Walioathirika sana, wengi hufariki au hubaki na mtindio wa ubongo, kifafa, macho yasiyoona. Wa katikati ndio wanaotunyima majibu. Picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya ubongo, ikipigwa wiki ya kwanza husaidia: jeraha likiwa kwenye viini vya ndani kabisa vya ubongo, mwendo ndio huharibika. Lakini utafiti wa Uingereza uliowafuata watoto hadi miaka 6 na 7 ulikuta asilimia 52 ya waliopozwa wako hai na kipimo chao cha akili (IQ, wastani ni 100) ni 85 au zaidi, dhidi ya asilimia 39 ya wasiopozwa. Nafurahi, halafu nawafikiria waliobaki. Wapo wanaotembea na kuongea vizuri, ila darasani hawatulii, wanasahau. Hao hatuwaoni, maana kliniki huwa imeshawaaga.

Yule mama nilimwambia atazame kunyonya. Mtoto anayeanza kunyonya vizuri mapema ananipa moyo kuliko fomu yoyote. Nyumbani aangalie ngumi isiyofunguka, shingo isiyokaza miezi ikienda, au kupendelea mkono mmoja kabla ya mwaka. Akiona hivyo aje bila kungoja tarehe. Mazoezi ya viungo yakianza mapema yana faida zaidi.

Kesho kabla hawajaruhusiwa namkumbusha daktari aandike kliniki ya miezi 3 kwenye kadi. Leo ilikuwa haijaandikwa.