Mama aliyeshika chandarua

Jana usiku nilikuwa nachomekea chandarua kwenye kitanda cha kichanga, kaka yake akaniuliza: "Mama, mtoto akilala wewe huwa unawaza nini?" Nikamwambia alale. Lakini mimi mawazo yalikuwa yameshafika Paris, ile safari niliyokwenda na dada.

Musée d'Orsay, jumba la makumbusho ya sanaa, ni pakubwa, zamani palikuwa stesheni ya treni. Tulipita vyumba vingi mbiombio hadi dada aliposimama ghafla mbele ya Le Berceau, yaani "Kitanda cha Mtoto", mchoro wa mwaka 1872 wa Berthe Morisot, mchoraji wa Kifaransa. Ni mdogo, kimo chake sentimita 56. Mwanamke amekaa kando ya kitanda cha mtoto, utepe mweusi shingoni, mkono mmoja umeegemea shavu. Mkono wa pili umeshika ukingo wa chandarua. Sogea karibu uone: ile nyeupe ya chandarua ina buluu, ina kijivu, ina waridi kidogo, na nyuma yake mtoto amelala kakunja mkono karibu na kichwa, vilevile kama mama yake. Wapo wanaoiona michoro ya namna hii kuwa mambo madogo ya nyumbani. Mimi nakataa. Wanawake wa tabaka lake hawakuweza kwenda kukaa mikahawani peke yao kama wachoraji wanaume, na Morisot aliuchora ulimwengu aliokuwa nao kwa uzito wote.

"Huyu kachoka," dada akasema.

Nikamweleza kwamba huyo ni Edma, dada mkubwa wa Morisot, na mtoto ni Blanche, binti wa Edma. Walijifunza kuchora pamoja. Edma alipoolewa na ofisa wa jeshi la majini mwaka 1869, akaacha. Berthe akaendelea, na mchoro huu akaupeleka kwenye maonyesho ya kwanza ya waimpreshoni, wale wachoraji waliotaka kunasa mwanga na rangi za papo hapo, mwaka 1874.

Dada hakujibu. Kabla ya kuolewa alikuwa akichora batiki, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kutupita. Kisha akasema, "Mdogo wake alimwona."

Kuna siku nayasikia maneno yale kama shukrani, kuna siku kama lawama.

Tuliporudi nilimnunulia nta na rangi. Alizipokea kwa furaha, akasema ataziweka mpaka watoto wakue. Wa mwisho sasa yuko darasa la tano. Kila nikipiga simu nataka kumuuliza, halafu tunaongelea mengine.