Kaharabu au sandarusi? Nilivyoichunguza tasbihi ya nyanya

Marehemu nyanya alituachia tasbihi ya punje 33, rangi ya asali iliyokolea. Kwetu Mombasa sote tuliiita "ya kaharabu", yaani utomvu wa mti wa kale uliogeuka jiwe. (Wengine husema ambari, lakini ambari hutoka kwa nyangumi.) Mwaka jana shangazi aliniletea huku South C, Nairobi, akitaka thamani yake ijulikane kabla ya mirathi kugawanywa. Sonara mmoja mjini aliisugua kwenye shati, ikavuta kipande cha karatasi. "Safi kabisa, dada," akasema. Niliamini siku mbili, hadi nilipochana nywele kwa kitana cha plastiki, nacho kikavuta karatasi vilevile.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipasha sindano jikoni nikaichoma punje moja. Haikuyeyuka, ilitoa harufu ya sabuni ya kaboliki na kubaki na doa jeusi. Nilihuzunika sana, kwa sababu nyanya aliishika punje ile kila alfajiri. Tafadhali, usianze na sindano.

Harufu ile, hata hivyo, ilinifumbua macho. Utomvu wa mti ukiungua hunukia kama ubani au msunobari. Kaboliki ni harufu ya plastiki ya kale, jamii ya bakelaiti aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, na tasbihi nyingi zimechongwa kwayo. Plastiki hiyo ni nzito kuliko kaharabu, na uzito unaweza kuujua bila kuharibu kitu.

Nikakata uzi, nikazipanga punje kwa mfuatano wake kwenye trei ya mayai, tatu zilizokosa nafasi nikaziweka kando. Kisha nikachukua glasi ya maji vuguvugu, kama mililita 300, nikakoroga chumvi hadi ikakataa kuyeyuka. Iliingia karibu gramu 100. Punje 26 zilizama kama kokoto. Saba zikaelea. Bila shaka tasbihi ilitungwa upya mara nyingi, kila iliyopotea ikizibwa na iliyopatikana.

Wengi huishia kwenye maji ya chumvi, na naona hapo ndipo wanunuzi wanapoumia zaidi, maana sandarusi nayo huelea. Sandarusi ni yetu watu wa pwani: utomvu uliochimbwa mchangani upande wa bara, ukapitia Unguja, na katika karne ya 19 ukasafirishwa hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Ni nzuri, lakini bado changa. Kaharabu ya Baltiki ina umri wa zaidi ya miaka milioni 30, na muda huo wote umeifanya ikomae hadi kiini. Sandarusi haijafika huko, ndiyo maana asetoni huilainisha.

Nilinunua dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Soma chupa kwanza, kwani nyingine hazina asetoni. Nikaweka tone moja karibu na tundu la kila punje, pasipoonekana, nikangoja kidogo, nikagusa. Tano zilinata na kushika alama ya kidole changu. Plastiki nyepesi nayo hunata, kwa hiyo nilizisugua kwa kitambaa hadi zikapata joto: zikanukia utomvu. Sandarusi.

Mbili zilibaki kavu. Binamu yangu, mwenye duka la M-Pesa, aliniazima tochi ya kukagulia noti. Gizani hizo mbili ziling'aa kwa mwanga wa samawati wenye ukungu. Zile zilizozama zilibaki nyeusi tu. Nilimwambia shangazi kwamba kwa vipimo vya nyumbani hizo mbili ni kaharabu, ila kujua kama ni ya Baltiki kunahitaji mashine ya infraredi ya maabara, ambayo huonyesha alama yake ya pekee.

Shangazi alizitazama zote, akaokota ile niliyoichoma. "Mama hii alikuwa akiigusa namna hii," akasema, akiisugua kwa kidole gumba.

Hatukuiuza. Nilinunua uzi mpya, tukaitunga pamoja kwa mfuatano uleule. Yenye doa ilikuwa ya saba, na imerudi ya saba.