Lenzi ya Manjano Juu ya Sutuhi

Januari 2016, kaskazi ikivuma, mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyewahi kuwa na studio ya picha, alinikabidhi mkoba wa ngozi uliokakamaa. Ndani mlikuwa na Super-Takumar ya milimita 50, f/1.4 (ndio upana mkubwa kabisa wa tundu lake la nuru), lenzi ya Kijapani iliyotengenezwa na Asahi kwa kamera za Pentax za nyuzi za skrubu za M42.

"Imezeeka macho kama mimi, mwanangu," alisema. "Kila kitu inakiona manjano."

Yeye aliamini ni moshi wa sigara za wateja. Nilitandika karatasi nyeupe mezani, nikailaza lenzi juu yake tundu la nuru likiwa wazi hadi mwisho. Karatasi iliyoonekana kupitia kioo ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa iliyozimuliwa. Moshi huacha utando juu ya kioo, na utando hutoka kwa kitambaa. Rangi hii haikutoka. Ilikuwa ndani ya kioo chenyewe.

Kilichothibitisha ni herufi R ndogo nyekundu iliyo karibu na mizani ya umbali. Lenzi hizi ziko za namna mbili. Za mwanzo, kuanzia 1964, zina vioo 8, na R imekaa kulia kwa namba 4 ya vipimo vya tundu vilivyochorwa hapo. Zilizofuata zina vioo 7, na R iko kushoto kwa 4 hiyo. Hii ilikuwa ya vioo 7, na katika kundi lake la vioo la nyuma kuna glasi iliyochanganywa na thoriamu. Thoriamu huipa glasi nguvu kubwa ya kupinda nuru bila kuitawanya sana katika rangi zake, ndiyo maana ilipendwa. Lakini hutoa mionzi. Miaka inavyokwenda, mionzi hiyo hung'oa elektroni ndani ya glasi, nazo hunaswa mahali pasipo pake na kuanza kumeza nuru ya buluu. Buluu ikimezwa, macho huona manjano. Dawa yake ni urujuanimno, ile nuru ya jua isiyoonekana, ambayo huzifungua elektroni zilizonaswa. (Kuishika lenzi kama hii hakuna la kuogopesha. Marufuku ni kuipiga msasa au kuisaga, kwa sababu vumbi lake likivutwa ndilo lenye hatari.)

Anayepiga filamu ya nyeusi na nyeupe hana haja hata ya kuhangaika: manjano hiyo humfanyia kazi ya filta ambayo wenzake huinunua ili mawingu yakolee. Mzee alitaka rangi, basi.

Ingekuwa manjano peke yake, nisingefungua chochote. Tochi ndiyo iliyonibadilishia mpango. Nuru yake hupigwa kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, na jicho hutazama kwa mbele kimshazari. Ukitazama moja kwa moja unaona mwangaza tu. Vumbi lilikuwepo, na vumbi halina neno. Lakini kwenye ukingo wa kundi la nyuma, upande wa ndani unaotazamana na tundu, palikuwa na nyuzi nyembamba zilizotanda kama utando wa buibui: kuvu. Mkoba wa ngozi ndio ulioilea. Ngozi hunywa unyevu wa masika na kuushikilia, na yenyewe ni chakula cha kuvu. Kuvu ikishafika kwenye kioo hutoa asidi, na asidi hula kwanza ile rangi nyembamba ya juu inayozuia mng'ao, kisha glasi.

Vibapa sita vya tundu la nuru nilivijaribu kwa kukibonyeza kile kijiti kilicho nyuma ya lenzi. Vilifunga kwa kishindo kidogo na kufunguka papo hapo, vikavu, bila doa la mafuta. Kwa hiyo huko sikugusa. Kuna watu wakishashika bisibisi hawajui pa kuishia. Chini ya pete ya kubadilishia tundu kuna gololi ndogo ya chuma inayotoa ule mlio wa "tik", na anayeinyanyua pete hiyo bila kujua hujikuta sakafuni na tochi usiku kucha. Vioo vya mbele navyo vilikuwa safi. Kipande cha kandambili nilichokuwa nimekikata duara, na tundu katikati kisiguse kioo, kwa ajili ya kukamatia ukingo wa mbele wenye maandishi, kilikaa mezani bila kazi.

Kundi la nyuma hutoka lote kwa pamoja, kwa nyuma. Linahitaji spana ya lenzi, ile yenye ncha mbili zinazosogezwa hadi zikae katika mifereji miwili ya ukingo. Kabla ya kuigusa, kata duara la karatasi ngumu ulilaze juu ya kioo, maana spana ikiteleza mara moja tu mkwaruzo unabaki milele. Mkasi au koleo la ncha kali si badala yake. Ukingo haukusogea, nami sikuulazimisha. Nilichovya kijiti cha meno katika petroli ya kibiriti cha sigara, nikagusisha tone moja kwenye nyuzi za skrubu za ukingo, nikangoja dakika kumi. Tone la pili, dakika kumi tena. Mara ya tatu likalegea kwa nguvu ya vidole viwili.

Kisha kuvu. Pampu ya mpira ya kusafishia masikio, mpya, hupuliza vumbi kwanza, kwa sababu chembe ya mchanga chini ya pamba ni msasa. Nikachanganya kijiko kimoja cha chai, mililita 5, cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, na kingine cha amonia ya kusafishia nyumba. Mchanganyiko huo hutengenezwa wakati wa kutumika, dirisha likiwa wazi, na unaobaki humwagwa. Ukiufungia chupani hutoa gesi hadi chupa ipasuke. Na usikaribishe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hapo: ikikutana na amonia hutoka hewa ya sumu.

Pamba ilowe, isidondoshe. Niliilaza juu ya kuvu dakika mbili, nikaizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, nikaitupa na kuchukua nyingine. Kuirudisha iliyotumika ni kuipanda upya mbegu. Baada yake maji ya betri yasiyo na asidi, yaani maji yaliyokenekwa, na mwisho alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kipande cha fulana kuukuu ya pamba. Spiriti ya hospitali niliwahi kuitumia kwenye lenzi nyingine ikaacha ukungu wa mafuta, kwani nyingine huongezwa mafuta ili zisikaushe ngozi. Kosa lingine la kawaida ni kulichovya kundi zima ndani ya dawa. Majimaji hupenya katikati ya vioo na hayatoki, na alkoholi huiyeyusha rangi nyeusi iliyopakwa ukingoni, ikaanza kuelea mbele ya macho kama chembe za masizi.

Nyuzi za kuvu zilitoka zote. Zilipokuwa zimekaa muda mrefu zaidi palibaki mchoro hafifu, kama jasho la kidole lisilofutika. Hapo kuvu ilikuwa imeshakula, na hakuna dawa inayoirudisha glasi. Nilimwambia mzee mapema: kwenye picha hautaonekana, isipokuwa akiielekeza lenzi kwenye jua.

Yakabaki manjano. Kwa kuwa kundi lilikuwa limeshatoka, lilianikwa juani peke yake, na hiyo ndiyo njia bora. Ukianika lenzi nzima, joto huyeyusha grisi ya pete ya kulengea na mafuta yake hutambaa hadi kwenye vibapa. Nikalipandisha kwenye sutuhi, nje kabisa, sababu kioo cha dirisha huzuia sehemu ya urujuanimno.

Siku ya kwanza nililisimamisha juu ya mdomo wa bilauri ndogo ya chai, tupu, bilauri ikiwa juu ya mkeka. Nilidhani nuru itaishia ndani ya bilauri. Bilauri ni ya kioo! Nilishuka kuchukua kofia, niliporudi harufu ya ukindu unaoungua ilinipokea ngazini. Palikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa mbegu ya papai, na moshi mwembamba. Kundi la nyuma hata likiwa peke yake hukusanya nuru.

Kuanzia hapo lilikaa sakafuni, juu ya foili ya jikoni niliyoifinyanga kisha nikaikunjua. Mikunjo hutawanya nuru isikusanyike mahali pamoja, na foili huirudisha ipite kwenye kioo mara ya pili. Juu yake mfuko mwepesi angavu wa nailoni, usiozuia sana urujuanimno, kwa ajili ya vumbi la kaskazi. (Mifuko hiyo ilikuwa bado ruhusa Kenya, marufuku ilikuja Agosti 2017.) Saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, nikiligusa mara kwa mara. Chuma kikishindwa kushikika, kivuli kwanza, maana kuna vioo viwili vilivyogundishwa humo na gundi haipendi moto.

Siku mbili za kwanza sikuona tofauti. Ya tano karatasi ilikuwa rangi ya maji ya mchele, ya tisa nikaacha. Picha za kulinganisha nilizipiga kwa kamera ya dijitali yenye adapta, mizani ya weupe nikiifunga kwenye kelvini 5,500, yaani nuru ya mchana. Ukiiacha kamera ijichagulie, huirekebisha manjano yenyewe ukadhani hakukuwa na ugonjwa. Asiye na jua hutumia taa ya LED ya nanomita 365 hadi 395, bila kuitazama.

Kurudisha ni vidole tu. Zungusha kwanza kinyume mpaka uhisi nyuzi zimedondokeana, ndipo ukaze. Zikipandana, aluminiamu laini hunyofoka. Kundi likikosa kufika mwisho picha hukosa ukali kila mahali. Nilipima kwa meli iliyotia nanga mbali baharini, kwa f/1.4, nikaona kamba zake.

Nilimrudishia mzee lenzi katika kisanduku cha plastiki chenye mpira wa kuziba, na ndani pakiti ya gramu 100 ya jeli ya silika na kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 45. Mchele nilimkataza: haukaushi kiasi hicho, na unga wake huingia kwenye nyuzi. Mkoba nilimpa kando, nikamwambia autundike ukutani kama ukumbusho.

Baada ya wiki mbili nilipita kumjulia hali. Kisanduku kilikuwa dirishani, na ndani yake mlikuwa na dawa zake za presha. Lenzi ilikuwa mkobani.