Upinde wangu wa mkole ulikuwa unarusha mshale hovyo, hivi ndo nilivyourekebisha

Jamani huu upinde umenitesa wiki mbili nzima. Niko Chemba huku, nimeuchonga mwenyewe kwa mti wa mkole, ila mshale ukitoka tu mkia unapanda unashuka mpaka unafika kwenye gunia umekaa mshazari. Nikabadilisha manyoya, wapi. Mzee mmoja Msandawe ndo akaniambia tazama upinde wenyewe unavyopinda, basi nikauegesha kwenye kigogo ukutani, mdogo wangu akawa anavuta uzi kwa kamba taratibu mi niko mbali naangalia, aisee mkono wa chini, yani nusu ya upinde iliyo chini ya pa kushikia, umekaza kama mpini wa jembe, wa juu ndo unapinda peke yake. Hapa wengi wanakosea, usiguse upande dhaifu, punguza ule mgumu, na kwangua tumboni tu, yani upande unaokutazama ukivuta, maana mgongoni ukikata nyuzi za mti utavunjika. Nilitumia kipande cha chupa, nakwangua kidogo, tunavuta kama mara 20, naangalia tena, mti huwa unachelewa kuonyesha mabadiliko. Nafasi kati ya uzi na mti ilipobaki juu imezidi chini kwa milimita 4 nikaacha. Sasa hatua 20 mshale unaenda umenyooka kabisa, raha sana.