Ua Liitwalo Aleluya

Wapendwa katika Kristo, katika misitu ya Ulaya huota mmea mdogo ambao tangu zamani Waitaliano, Wafaransa na Wahispania wameuita Aleluya, kwa sababu huchanua majira ya Pasaka, wakati neno hilo, lililonyamaza kanisani siku zote za Kwaresima, linaporudi midomoni mwa waamini. Wataalamu huuita Oxalis acetosella, jina ulilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Majani yake huota matatu matatu, kila moja lina umbo la moyo, na ukilitafuna ni chachu. Waliokulia mashambani wanawajua jamaa zake, yale magugu ya majani matatu ambayo watoto huyatafuna na mama zao huyang'oa kwa hasira.

Huu wa Ulaya, hata hivyo, ni mmea wa msituni. Hukaa chini ya misonobari na mialoni, kwenye udongo wenye unyevu na juu ya magogo yanayooza, penye kivuli ambacho mimea mingi isingekistahimili. Jua kali likipenya matawini na kuufikia, hukunja majani yake kuelekea chini kama mwavuli uliofungwa, na hufanya vivyo hivyo usiku unapoingia.

Ua la Pasaka lina petali tano nyeupe zenye mishipa ya zambarau, na ndilo wapitao hulisimamia. Kilichonigusa mimi ni kinachofuata. Kiangazi kikifika, miti ikiwa imejaa majani na chini kumekuwa giza, mmea hutoa maua mengine, madogo mno, karibu kabisa na ardhi, yasiyofunguka kamwe: hujichavusha yenyewe ndani kwa ndani, nayo huzaa mbegu nyingi.

Juma hili, nikisoma Mathayo 6:6, pale Bwana anapotuagiza kuingia chumbani na kufunga mlango, nilimkumbuka bibi yangu, aliyesali saa kumi alfajiri wala hakuwahi kusoma somo hata moja kigangoni. Silidharau ua jeupe. Hilo ndilo nyuki hulitembelea na kuupatia mmea chavua ya wenzake, nasi pia tunahitajiana katika Mkesha wa Pasaka. Lakini tunda la ua lililofungwa nalo hukomaa, kisha huzirusha mbegu zake kwa nguvu, zikaangukia majani makavu, mbali kidogo na shina lililozizaa.