Siku moja na sarafu 20

Saa 12 asubuhi. Natunga swali la leo nikianzia kwenye jibu: sarafu 11 za 5 na sarafu 9 za 10. Kisha ndiyo natafuta maneno: "Mfukoni mna sarafu 20, nyingine za 5, nyingine za 10. Fedha zote ni 145. Za kila aina ni ngapi?" Ukitunga kwa kubahatisha utapata sarafu saba na nusu, na mwanafunzi atadhani kakosea yeye.

Saa 2. Nawaacha wahangaike kwanza. Napita kati ya madawati, nakuta daftari limeandikwa x + y = 145. Kosa hili nalikuta kila mwaka, na huwa sikimbilii kulikata kwa kalamu nyekundu. Nauliza, "x ni nini?"

"Sarafu za 5, Mwalimu."

"Fedha zake, au idadi yake?"

Kimya. Anafuta, anaandika kwa maneno kamili: x ni idadi ya sarafu za 5, y ni idadi ya sarafu za 10. Hapo milinganyo inakuja bila kuitwa: x + y = 20, na 5x + 10y = 145. Wa kwanza anauzidisha kwa 5, anautoa kwenye wa pili, inabaki 5y = 45. Kwangu mimi, ile sentensi aliyoiandika ndiyo nusu ya hesabu.

Wa nyuma kabisa hakutumia herufi. "Zingekuwa za 5 zote tungepata 100. Zimezidi 45, na kila ya 10 inaongeza 5. Basi ni 9." Nikamwita ubaoni. Ni njia ileile ya kuondoa, ila kaisema kwa mdomo.

Saa 8 mchana. Darasa la pili nalipa fumbo la China la miaka ipatayo 2000: watu wananunua kitu kwa kuchanga. Kila mmoja akitoa 8, zinazidi 3. Akitoa 7, zinapungua 4. Basi n ikiwa idadi ya watu na b bei, 8n − b = 3, na b − 7n = 4. Zijumlishe, b inatoweka: watu 7, bei 53.

Saa 10 nasahihisha. Wengi wamehakiki majibu kwenye milinganyo yao. Haitoshi, mlinganyo wenyewe ukiwa na kosa, utalikubali jibu lenye kosa. Rudi kwenye maneno ya swali.

Saa 2 usiku, swali la kesho: kalamu 2 na daftari 3 ni 29, kalamu 4 na daftari 6 ni 58. Nalikokotoa, napata 0 = 0. Sentensi ya pili ni ya kwanza mara mbili, haijaniambia jipya. Naibadilisha: kalamu 4 na daftari 5 ni 51. Sasa daftari ni 7, kalamu 4. Lile la mwanzo silifuti. Nitalipeleka hivyohivyo mwishoni mwa kipindi, waniambie kwa nini linagoma.